Mbuke Kaivunja Namba Yangu

Alhamisi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye uji. Moyo wangu nao haujatulia.

Niandike ukweli: namwonea Mbuke wivu.

Zamani tulikuwa sawa tu. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, baba yake amekuwa mnunuzi, kwao kuna gari, na yeye ana kikokotoo kinachotumia mwanga wa jua. Mimi nagawa kwa penseli.

Jumatatu Mwalimu Masanja alitupa kazi: tutafute namba tasa kubwa kuliko zote chini ya elfu kumi, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Atakayeipata ataiwakilisha shule kwenye mashindano ya hesabu kule Maswa.

Nafasi ni moja. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Mwalimu alitufundisha kwamba hatuna haja ya kujaribu namba zote. Mia mara mia ni elfu kumi. Kwa hiyo namba iliyo chini ya hapo, kama inagawanyika, lazima kigawanyo kimoja kiwe chini ya mia. Za juu zaidi ziligawanyika upesi, nikachagua 9991. Nikaigawa kwa 7, kwa 11, kwa 13, nikapanda hivyo hadi 89. Kila mara kulikuwa na baki. Ilibaki 97 tu ndipo mama akaniita tukachume pamba. Nikajiambia, iliyozishinda zote hizo haitashindwa na moja.

Leo nikaiandika ubaoni kwa madaha.

Mbuke akanyoosha mkono. Kikokotoo hata hakukigusa.

"Mwalimu, hiyo ni elfu kumi kutoa tisa. Mia mara mia, toa tatu mara tatu. Basi ni tisini na saba mara mia na tatu."

Wavulana wa nyuma wakapiga kelele: "Milembe, tisini na saba imekukanyaga!"

Wivu wa kikokotoo nimeuzoea. Huu mwingine unauma. Kwa nini sikuliona mimi?

"Mbuke ameivunja ya Milembe," Mwalimu akasema, "lakini ya kwake hajanipa. Nawasubiri kesho."

Niliporudi nyumbani nikaanza upya, nikishuka. 9989 inagawanyika kwa 7. 9983 inagawanyika kwa 67. Nikafika 9973. Hapa sikuona ujanja wowote wa kunifupishia, ni kugawa tu. Nimeigawa kwa kila namba tasa, safari hii hadi 97. Kukabaki 79.

Ninayo!

Mara Mbuke akapita na ndoo yake.

"Mwadila, Milembe," akanisalimu. "Umeipata?"

"Bado."

"Hata mimi. Ile ya leo ilinijia tu. Wewe ndiye fundi wa kugawa, dada. Njoo basi tutafute wote."

Nikamwambia mama ananihitaji jikoni. Mama yuko Ngulyati tangu mchana.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa na maringo. Hana, na hilo nalo namwonea wivu.

Namba hii haijali nani kaipata. Ingekuwa tasa hata mikononi mwa Mbuke. Kwa hiyo kesho nitamwonyesha hesabu zote, azikague, aivunje kama anaweza.

Baada ya kumwonyesha Mwalimu.