Babu Yangu wa Sengerema

Kiseke, Jumapili

Babu, shikamoo.

Sisi wazima. Michembe ya viazi uliyotutumia tumeshaimaliza. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu.

Jana shuleni kulikuwa na tamasha la sanaa. Mimi nilipewa kazi ya kuvuta pazia. Otuoma, yule rafiki yangu wa Mara niliyekuja naye kwako likizo, alicheza bugobogobo. Alirusha jembe juu, akazunguka, akalidaka bila hata kuliangalia. Ukumbi mzima ulisimama.

Mwalimu akamuuliza, “Mjaluo kama wewe, nani kakufundisha ngoma ya Wasukuma?”

Akajibu kwenye maiki, “Babu yangu wa Sengerema.”

Babu yake!

Mimi nilipokuomba unifundishe, ulisema mikono yangu ni ya kalamu. Kumbe asubuhi nikiwa nimelala, mlikuwa wawili uani na jembe lako.

Simwonei wivu. Nilimpigia makofi kama wengine.

Anataka tuje tena Desemba. Nimemwambia mwaka huu hutaki wageni. Najua huwa anakupigia simu. Akipiga tena, tafadhali usipokee.

Mjukuu wako wa damu,
Maduhu