Kwa Nini Nilimushusha Neema Kwa Gari

Mangobo, Kisangani, Jumamosi, siku ya posho

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana, mama. Mugongo unaendelea namna gani tangu mvua ianze? Na mbuzi za jirani, zingali zinakula sombe yako, majani yote ya muhogo? Sisi huku tunapumua, Mungu anatusaidia, ila leo roho yangu haikai pahali pamoja. Naandika ili mikono ipate kazi.

Najua habari imekufikia kule Kindu mbele ya hii barua: eti nilizuia ndoa ya shemeji Patrick, eti nilimupatisha bwana yangu haya mbele ya jamaa yake. Bon. Usikie kwanza kwa kinywa changu.

Unakumbuka ile kamiyoneti ya bwana yangu, Papa Neema? Ilikuwa inalala juu ya magogo katika lopango letu, hapa uani, tangu mbele nizae Neema, kuku zinatagia ndani. Mwaka huu aliipatia moteri, kisha bwate ya vitesi, ile sanduku ya gia, ya mukono, juu ile ya zamani, ya otomatiki, ilikufa kabisa. Lakini bwate mupya ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Donc kardani, ule muti wa chuma unaopeleka nguvu ya bwate kwa magurudumu ya nyuma, haukuenea tena. Akaupima, akapeleka ukatwe na kuchomelewa, akarudi nao kwa bega akiimba. Mimi ndiye nilishika upande mumoja chini ya gari wakati anakaza bulon kwa ufunguo. Ncha ya mbele iliingia ndani ya bwate kama mukono unaingia ndani ya koti. Aliwasha, akatia vitesi ya kwanza, magurudumu yakazunguka hewani, jirani wakapiga kelele. Nilifurahi, mama, sikudanganyi.

Jamaa ikaamua mahari ya Patrick iende Yanonge na hii gari. Tonton Albert, mudogo wa marehemu baba mukwe, ndiye mukubwa wao sasa. Akapigia simu bokilo, ni kusema wazazi wa musichana Patrick anayemuoa: "Tunakuja na gari yetu wenyewe!" Na kwao desturi iko hivi: mutoto wa kaka ya bwana arusi ndiye anatangulia kuingia, amebeba kitambaa cha mama wa musichana juu ya kichwa. Kama mutoto haiko, hakuna mutu anakaa. Mutoto huyo ni Neema wetu.

Juzi asubuhi wakaondoa magogo. Mimi nilikuwa mulangoni, nashona ukosi wa koti ya sherehe ya bwana yangu. Gari ikakaa chini kwa magurudumu yake mara ya kwanza, nikaona namna mugongo wake ulishuka. Wakatia chumvi, mbuzi, kasha za bia, ukashuka tena. Ndipo kitu kikanichoma. Unajua kazi yangu, mama. Sikati sketi ya mutu bila kumuambia "kaa kwanza kwa kiti", juu mutu akikaa, mwili unabadilika. Na ile kardani ilipimwa gari ikiwa juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Tuliiona hivyo miaka yote, mupaka tukafikiri ndiyo namna yake ya kusimama.

Nikamuuliza pembeni, polepole: "Papa Neema, gari ikishuka hivi, kardani inakimbilia wapi?"

"Inateleza ndani ya bwate. Ndiyo kazi yake."

"Na ikifika mwisho wa kuteleza?"

Akageuka kukaza kamba ya mbuzi. Tonton Albert alisikia. "Ah, Mama Neema! Tangu lini wewe ni mekanisien? Shona blouse yako, wacha wanaume wasafiri."

Nikaenda kwa gari, nikamushika Neema kwa kwapa, nikamushusha na kitambaa chake. "Tonton, nakuheshimu. Lakini mutoto wangu hapandi mupaka watu wapande kwanza hapa hapa, gari imesimama, na mutu aangalie chini."

Kelele ikaanza. "Anazuia ndoa!" Patrick machozi yalikuwa karibu. Papa Neema aliniangalia kama mutu hanijui. Nikamupa chaki yangu ya buluu ya kushonea. "Chora musitari kwa chuma, pale hakipashwi kupita kuingia ndani ya bwate. Ukibaki nje watu wakikaa, nitaomba pardon mbele ya wote, kwa magoti."

Akatia mawe kwa magurudumu, akalala chini. Jirani wakapanda wanacheka. Mama Jolie, yule wa mikate, akasema: "Munihesabu vizuri, mimi peke yangu ni jamaa nzima!" Alipokaa tu, tukasikia *tok!* chuma kwa chuma, na livie, ule mukono wa kubadilisha vitesi, ikaruka peke yake.

"Shukeni! Shukeni wote!"

Musitari ulikuwa umemezwa. Kardani ilikuwa inasukuma bwate, na gari haikutembea hata kidogo. Njiani, kwa shimo la kwanza, ingeipasua. Na kardani ikianguka kwa mbele ikachoma udongo, gari inapinduka na wote.

Hakuna mutu alinishukuru, mama. Tonton akapiga simu Yanonge kusema hatufiki, nikasikia sauti ya bokilo inapanda. Bwana yangu akatoa kardani, ikaenda kukatwa tena upana wa vidole viwili. Akala akinipa mugongo. Jana akairudisha, nikashika tena upande wangu, uso wake karibu na wangu. Jirani wakapanda. Musitari ukabaki nje.

Leo asubuhi akauliza tu: "Na mutoto?"

Hapo ndipo ilinilemea. Kusema hapana juzi ilikuwa rahisi. Nikaingia chini mwenyewe, nikaangalia, nikatoka, nikamubeba Neema nikamuweka kati ya baba yake na Patrick. Mimi nimebaki juu Moize, mutoto wetu mudogo, iko na homa. Wamevuka muto, na tangu hapo simu haipiti. Nimeshona mukono wa blouse ya mutu upande wa ndani nje. Kama kuna kitu, mama, ni mikono yangu ndiyo ilimupandisha.

Nilikuwa nimeacha kalamu. Simu imelia. Haikuwa Papa Neema, ilikuwa Neema mwenyewe, anapiga kelele juu ya ngoma: "Mama! Nilibeba kitambaa, hakikuanguka! Na papa alilala chini ya gari!"

Nikauliza: "Alilala namna gani?"

"Na koti ya sherehe! Tulisimama karibu na kwa bokilo, akaingia chini kuangalia chaki yako. Mugongo wote ni matope! Tonton anamugombeza, anasema tumeingia na mutu kama nguruwe!"

Na nyuma nikasikia sauti ya Papa Neema, ile ya kucheka, sikuisikia tangu juzi: "Muambie iko. Muambie musitari iko."

Basi, mama, mutu akikuletea habari yangu tena, muulize kwanza kama alikuwa chini ya gari.

Unisalimie dada yangu mukubwa na mapacha wake, unisalimie tonton wangu wa sokoni na mama muzaa papa, umuambie homa ya Moize imeshuka kidogo. Uvae kitu cha moto asubuhi, mugongo huo usicheze nao.

Kesho koti itarudi. Nitaifua mwenyewe, polepole.

Mimi binti yako,
Furaha, Mama Neema