Ufunguo Ulipolala

Sarnai, acha unachofanya usome. Lile gari la haibridi la Zundui limegoma tena asubuhi hii, na mkewe, Narmandakh, ameshikwa na uchungu wa kuzaa.

Teksi gani ya Ulaanbaatar itapanda mlima wetu kwenye barafu ile?

Unakumbuka Jumatatu Zundui alivyosimama langoni kwake kuwaambia majirani kwamba fundi Chimgee anauza betri mbovu? Siku gari linawaka, siku haliwaki, na betri kabadilishiwa mara mbili. Tangu hapo hakuna aliyekanyaga gereji yake.

Leo aliyekuja ni Chimgee huyohuyo. Kaliwasha kwa betri ya gari lake, kisha akauliza, "Ufunguo huwa unalala wapi?"

Zundui akadhani anadhihakiwa. "Ukutani, juu ya kitanda."

"Na gari?"

"Nyuma ya hema tunamolala, upande huohuo wa kitanda, limeegemea kabisa, lipate joto."

"Kaka, hapo katikati kuna unene wa blanketi tu. Ufunguo huu huongea na gari kwa mawimbi ya redio; gari linausikia usiku kucha, linadhani unakuja, halilali. Asubuhi betri imekwisha. Ukienda kwa miguu kwenye lindo lako la usiku na ufunguo mfukoni, asubuhi yake je?"

Linawaka, Zundui akakiri. Kila mara linawaka.

Sasa tuko hospitali; Narmandakh yuko ndani, hatujaambiwa kitu. Zundui kaegemea ukuta, anarudia tu, "Ufunguo unalala wapi."

Anataka nisimame naye langoni akayafute maneno yake. Nitasimama. Hotuba ya Jumatatu niliiandika mimi, Sarnai. Nilikumbuka kila tapeli aliyewahi kutuuzia kitu kibovu, na Chimgee hakuwa mmoja wao.