Ile Simu ya Jumatano

Mbeya,
Jumapili, baada ya Adhuhuri.

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mgongo umetulia, na mama hakugombezi tena kwa kukaa na shati bichi ukitoka kuanika singa za mkonge. Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya huku sijui ni mimi niliyeizoea au yenyewe imenizoea, lakini siku hizi naoga maji ya bomba asubuhi na sipigi kelele. Mwambie mama hilo, hataamini.

Najua unashangaa barua ya nini wakati simu ipo. Baba, wewe na simu hamuelewani. Unapiga, unauliza kama nimekula, ukisikia nimekula unasema haya, salio linaisha, unakata. Jumatatu nilikuwa katikati ya maneno nikakusikia, "Basi badili hiyo kozi, mtoto wa Mzee Salimu alibadili na mkopo anapata," halafu kimya. Nimebaki na simu sikioni naongea peke yangu, wenzangu wananicheka. Kwa hiyo nimekaa chini naandika yote. Soma taratibu. Ukifika mahali pa kukasirika weka karatasi chini, unywe chai, kisha uendelee. Mbele huko kuna kazi nakupa, na hakuna mtu mwingine anayeweza kuifanya.

Kozi sibadili. Mtoto wa Mzee Salimu alibadili akiwa mwaka wa kwanza, wiki zile za mwanzo ambazo chuo kinaruhusu watu kuhama, na mkopo ukamfuata kule alikohamia. Mimi namaliza mwaka wa pili. Nilikwenda kwa afisa mikopo wa chuo, kaka mmoja mpole, anaongea kama anayemlisha mtoto uji, akanieleza. Mkopo wangu ulitolewa kwa miaka mitatu ya ualimu. Nikihamia kozi nyingine sasa hivi naanza darasa la mwanzo, lakini ile miwili niliyokwisha kusoma haifutwi, inahesabika. Umebaki mwaka mmoja wa mkopo. Ukiisha huo nitakuwa nimeingia tu kwenye hiyo kozi mpya, na miaka miwili ya kumalizia hakuna wa kunisomesha. Tena kemia naipenda, na shule zetu huko Handeni walimu wake hawapo. Mimi nitakuwepo.

Tatizo langu ni kurudia mwaka. Neno hilo ndilo ulilolisikia ukaruka nalo. Anayerudia mwaka, kwa alivyonieleza yule kaka, mwaka ule wa kurudia mkopo hautoki. Ada, chumba, chakula, vyote unajitegemea mpaka uvuke kwenda mwaka unaofuata. Lakini aliyeahirisha mitihani kwa ruhusa, kwa sababu inayokubalika, huyo habari yake ni nyingine. Mkopo wake unasimama tu unamsubiri, akirudi pale alipoishia unaendelea. Sasa vita yangu yote hii, baba, ni kutoka kwenye orodha ya wanaorudia na kuingia kwenye orodha ya walioahirisha. Orodha mbili, kurasa mbili za jalada moja, na katikati yake umesimama wewe.

Ngoja nikueleze umefikaje hapo.

Unaikumbuka simu ya Jumatano, ulivyonipigia asubuhi nikiwa natoka kusoma. Mitihani ilikuwa inaanza Ijumaa. Ukaniambia, "Mwanaidi, bibi yako anaumwa. Njoo." Nikakuuliza anaumwa nini, ukasema anaumwa tu, njoo. Nikasema nipe niongee naye. Ukasema, "Amelala."

Sikuuliza la pili. Bibi ndiye aliyenilea kule Handeni tangu naachishwa ziwa mpaka namaliza la saba, anaitwa mgonjwa halafu mimi nikae nikisoma? Nikaandika barua palepale, naomba ruhusa ya kwenda kumuuguza bibi yangu mzaa baba, nikaipeleka ofisini. Karani akaisoma, akaigonga muhuri, akanirudishia nakala. Mimi nikajua nimeruhusiwa. Kwetu karatasi ikishapigwa muhuri imekwisha. Kumbe ule muhuri ulisema barua imepokelewa, haukusema imekubaliwa, na imekaa mezani kwa watu wiki mbili bila jibu. Hilo ni kosa langu, nimelikiri mbele yao na kwako nalikiri. Nilitakiwa kungoja jibu, sikungoja.

Nilivyorudi baada ya hitima nikakuta jina langu limebandikwa ubaoni na wale waliotoroka mitihani. Nikapeleka nakala ya kibali cha mazishi ulichonipa, nikijua sasa mambo yameisha, mtu kafiwa, kuna ubishi gani tena. Baada ya siku tatu nikaitwa. Dada wa ofisini ameziweka karatasi zangu mbili sambamba, barua yangu na kile kibali, ananitazama juu ya miwani. "Binti, Jumatano umeandika unakwenda kumuuguza bibi. Kibali kinasema bibi alifariki Jumanne. Ulikuwa unakwenda kumuuguza nani?"

 Nilimwona kabisa amekwisha kuamini kwamba mimi ni mwongo. Kwamba nilitoroka kwanza, kisha nikaokota msiba wa mtu nikaubandika juu yake. Nilitoka pale. Nikalia bafuni, sikufichi, nikanawa uso nikaenda maabara.

Neema, mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Njombe, ana moyo mzuri lakini akili yake ina njia za mkato. Akaniambia, "Mwana, usijitese. Kuna mtu namjua anaandika vyeti vya hospitali. Sema ulikuwa unaumwa wewe mwenyewe, ugonjwa hauna maswali." Nikamwambia mimi ni mtoto wa mtu aliyenichapa likizo ya darasa la tatu kwa kusema nimefua soksi na sijafua. Akacheka. Akasema, "Sasa huyo baba yako si ndiye aliyekutia humu?"

Hapo ndipo nilipokaa na lile jambo. Maana ni kweli. Wewe, ambaye watu wa makambi ya Ngombezi wakigombana wanakuita uwaamue kwa sababu hujui kupindisha maneno. Wewe uliyemwambia nyapara mbele ya wafanyakazi wote kwamba vipimo vyake si vya haki. Siku hiyo ulinidanganya, na ulinidanganya vizuri. Wala sikuhisi kitu. Na nilijua kwa nini. Nani kwetu aliwahi kupigiwa simu akaambiwa kweupe kwamba mtu amekufa, akiwa peke yake, mbali, na safari ya siku mbili mbele yake? Unaambiwa anaumwa, njoo. Ukishafika, ukishashikwa na watu, ndipo unaambiwa. Hata mimi, ningekuwa wewe, ningesema amelala.

Kwa hiyo nilipoitwa kwenye kamati sikwenda kujitetea kwa karatasi. Walikuwa watano mezani, na mwenyekiti mama mmoja profesa, mtu mzima, kitenge kimekaa begani, sura kavu. Akasoma tarehe zote mbili kwa sauti. Akauliza, "Hii Jumatano, nani alikwambia bibi ni mgonjwa?"

Nikajibu, "Baba yangu."

"Na baba yako alikuwa anajua amefariki?"

"Alikuwa anajua. Walikuwa wanajiandaa kumzika adhuhuri ile ile. Niliomba kuongea na bibi, akaniambia amelala. Mimi nimejua nilipokuta turubai uwanjani."

Nilisema hivyo tu.  Mwalimu mmoja wa pembeni akashusha kalamu. Yule mama akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Akasema, wala hakuniambia mimi, aliwaambia wenzake, "Mimi niliambiwa mama ameteleza bafuni, kaumia mguu. Nikatoka Morogoro na dawa ya kuchua." Mwingine akasema, "Mimi nilikuwa Bukoba, wakaniambia mzee anakuulizia." Baba, watu wazima wale, na shahada zao zote, kila mmoja ana simu yake. Hakuna aliyesema tena kwamba mimi ni mwongo.

Lakini kamati ni kamati. Wameniambia wazi kwamba wananiamini, na kwamba kuamini peke yake hakuingii kwenye jalada. Wanataka karatasi inayoeleza kwa nini tarehe hazilingani, iandikwe na aliyepiga simu, isainiwe mbele ya mtendaji na ipigwe muhuri wake. Ikifika kabla hawajakaa tena, wananihamishia upande wa walioahirisha. Nitafanya mitihani yangu na wale wa marudio, lakini kama mtihani wa kwanza, na mkopo utaendelea. Isipofika, narudia mwaka, na mwaka huo sijui nitakula nini. Watakaa tena wiki tatu zijazo. Mitihani siihofii. Nimesoma nikiwa na hasira, na hasira inafundisha kweli.

Hii basi ndiyo kazi yako. Uende Handeni, kwa mtendaji yule yule aliyetoa kibali cha kumzika bibi, maana jalada liko kwake, na shangazi aende nawe awe shahidi. Uandike kwa mkono wako kwamba siku ya Jumatano asubuhi ulinipigia simu, ukaniambia bibi ni mgonjwa, hali ulijua amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla ya saa sita, na kwamba mimi sikujua. Maneno hayo yanatosha, usiongeze hotuba. Wanataka karatasi yenyewe, si picha ya simu. Ipeleke stendi ya Korogwe kwa dereva wa basi lililokuletea barua hii. Mama anamjua, ndiye aliyemkabidhi mchele wangu wakati wa Idi.

Nakujua. Najua hapo umeiweka barua chini. Unasema, mimi niende mbele ya mtendaji, kijana niliyemwona amebebwa mgongoni, niandike kwamba nilimdanganya mtoto wangu? Ndiyo, baba. Uandike hivyo hivyo, neno "nilimdanganya" lisikae pembeni. Ukiandika "nilimficha kidogo" hawa watu wa huku watauliza kidogo kiasi gani. Na akitokea mtu makambini akasema mtoto wa fulani amefeli, au ameacha kozi, usimjibu. Mimi mwenyewe nitamjibu nikija na cheti.

Msalimie sana mama, na umwambie gauni la kijani limenitosha, asihangaike. Msalimie shangazi, mwambie nimefurahi kumsikia amerudi kulima, na asiache nyumba ya bibi imefungwa madirisha. Kaka Rashidi wa kiwandani asalimiwe pia, na mkewe, na mtoto wao ambaye hajapewa jina mpaka naandika. Mzee Salimu wa Manundu mpe salamu na shukrani. Ushauri wake ulikuwa wa nia njema.

Jambo moja la mwisho, nalo sijawahi kukwambia. Usiandike kwenye ile karatasi kwamba unaomba radhi. Siku ile kabla ya kupanda gari nilipita sokoni nikanunua maparachichi matano, yale laini, kwa sababu bibi meno yalikuwa yamemwisha. Niliyapakata mapajani yasibondeke. Njiani nilikuwa nampangia maneno, nitamwambia nini kwanza, nitamchekesha kwa habari gani. Nilipolala Chalinze nilimwombea apone. Siku mbili nzima, baba, watu wote mlikuwa mmeshafiwa, mimi peke yangu nilikuwa bado nina bibi. Nenda kwa mtendaji kifua mbele ukaandike ulivyonidanganya. Nakushukuru kwa kunidanganya.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi