Kabla ya Dirisha la Uandikishaji Kufungwa

Jumamosi, tarehe 6 Septemba

Nimefaulu! Asilimia sitini na nane! Naandika na poda bado imejaa masikioni.

Rafiki yangu Shekina ndiye aliyeona kwanza kwenye simu. Alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Kabla sijasoma jina langu mwenyewe, Mama alikuwa ameshanimwagia kopo zima la poda kichwani. Ndiyo desturi. Leo ukipita mtaani kwetu Panda unajua nani amepata diploma ya kumaliza sekondari na nani amejifungia ndani: wenye diploma wote ni weupe kama waliotoka kwenye mfuko wa unga. Nilipiga chafya mara tisa. Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Baba alirudi kutoka kiwanda cha shaba saa nane, na buti zake za mpira bado miguuni. Alinitazama. Akavua kofia. “Mama,” akasema, na sauti ikamkatika.

Baba huniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake, bibi Berthe, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu ukibeba jina la mtu unabeba na heshima yake. Baba hajawahi kunichapa hata siku moja — nani humchapa mama yake? Mama yangu mzazi, Clotilde, hulalamika kwamba nyumba hii ina mama wawili, na yeye ndiye anayepika.

Baadaye nikamsikia Baba akiwaambia majirani barabarani: “Mama yangu atakuwa ingénieur. Métallurgie. Njo vile, inaisha.” Mzee Guy wa nyumba ya pili akaitikia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Wakacheka wote.

Mhandisi wa metali, na hakuna aliyeniuliza. Ila kusema kweli, angeniuliza mtu nisingekuwa na jibu. Uandikishaji chuoni unafungwa Ijumaa tarehe 19. Siku kumi na tatu za kuamua maisha! Kuchagua kitambaa cha Krismasi tu hunichukua mwezi.

Jumapili, tarehe 7 Septemba

Misa ya shukrani. Nimetoka kanisani na ushauri mwingi kuliko baraka. Kiongozi wa kwaya: sheria, kwa sababu watu hawaachi kugombana. Mama mmoja wa chama cha Legio: udaktari, kwa sababu hawaachi kuugua. Shekina amekwisha kuchagua informatique. Anasema kompyuta haina vumbi.

Wote wanajua. Wivu umenishika.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Leo ilikuwa siku ya familia kiwandani. Mara moja kwa mwaka wafanyakazi wanaruhusiwa kuleta watu wao. Miaka yote Baba alikuwa anakataa kunileta, eti mimi mdogo. Leo alinivalisha kofia ngumu mwenyewe, akanikaza kamba chini ya kidevu kama ananivisha taji.

Sina maneno. Nitajaribu.

Ukumbi ni mrefu kupita kanisa kuu, mara mbili, labda tatu. Chini kuna matangi, safu kwa safu, yamejaa maji ya buluu — buluu ambayo sijaiona mbinguni wala dukani. Ni tindikali yenye shaba ndani yake. Inawasha koo. Ndani ya matangi yananing'inia mabamba, na umeme unapita kimya, na shaba inatoka majini, inajishika kwenye bamba, kidogo kidogo, siku saba usiku na mchana. Hakuna mtu anayeigusa. Inajikusanya yenyewe!

Halafu winchi ikashuka. Ikashika, ikainua. Mabamba yakatoka yakichuruzika, na rangi yake — pinki! Mimi nilidhani shaba ni nyekundu kama sufuria ya bibi. Ikitoka tu inakuwa kama kiganja cha mtoto mchanga. Nikamshika Baba mkono bila kujua.

“Njo hii,” akasema. “Miaka makumi tatu niko naiangalia. Ingénieur yeye iko anaikala kule juu, mu bureau ya vioo. Anafinya kibuto, shiye tunakimbia.” Akaonyesha juu kwa kidole. “Kule, Mama. Kule njo mahali yako.”

Shati lake la kazi lina vitobo vidogo vidogo kama lililoliwa na nondo. Tindikali hiyo. Nimelifua shati hilo miaka yote na sikuwahi kuuliza.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Métallurgie. Nimeamua. Nimefumba macho mara ishirini leo na kila mara naona pinki ile.

Baba amesikia. Ameimba bafuni!

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Nilikwenda kijijini Kapolowe kumwonyesha tantine Blandine diploma. Ni dada mdogo wa Baba, analima mahindi na mihogo kwenye shamba la marehemu bibi. Nilidhani nitakula samaki, nitapewa kuku, nitarudi. Laiti ingekuwa hivyo tu.

Nyuma ya shamba kuna kilima chenye upara. Msitu unakizunguka kila upande, ila juu hakuna mti hata mmoja. Tantine anasema babu zake walijaribu kulima pale, naye amejaribu: “Mahindi inakataa. Inatoka kidole moya, inakuwa njano, inakufa.” Na katikati ya upara huo leo kulikuwa na mwanaume amepiga magoti, pua karibu na udongo! Nikafikiri anaswali. Tantine akacheka: “Ule ni monsieur Magloire, wa majani. Anafundishaka ku chuo, ku agronomie. Anaachaka kinga yake kwangu,” akaonyesha baiskeli iliyoegemea ukuta.

Nikapanda kumsalimia. Alikuwa anakata kimmea kidogo, kirefu kama mkono wangu, kimekauka nusu, na kichwani maua ya zambarau. Kibaya hivi, ungekikanyaga bila kusema pole.

Akaniuliza: “Weye unajua hiki kintu kinakula nini?”

Shaba. Kinakula SHABA! Udongo wa kilima umejaa shaba, ndiyo maana mahindi hufa, miti hufa, kila kitu hufa. Hiki peke yake kinaipenda. Kinainyonya na kuiweka kwenye majani yake, na kinaishi. Alikuwa na kikaratasi cheupe: akasaga jani, akatonesha dawa fulani, akakandamiza. Karatasi ikageuka rangi mbele ya macho yangu. Shaba ndani ya jani! Nikasema rudia. Akarudia. Nikasema rudia tena. Karatasi zikamwishia.

Anasema wahenga wetu waliokuwa wakiyeyusha shaba hawakuwa na mashine. Walitembea wakitazama maua. Ua lilipo, chimba. Na sasa yeye anafanya kinyume: anapanda mimea hii na majani mengine kwenye ardhi iliyoharibika, ile isiyoota kitu, ili vumbi litulie na udongo uanze kupona. “Mines zitaisha siku moya,” akasema. “Udongo yeye atabakia. Nani atamutunza?”

Nilikaa chini.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mimi nina miaka kumi na minane tu na wiki hii nimeona mara mbili. Kiwandani niliona shaba ikitoka majini na nikasema, ajabu. Leo nimeona jani dogo linafanya kazi hiyohiyo bila umeme, bila winchi, bila tindikali, bila mtu kuliambia. Mungu wangu! Na mimi nimepita hapa tangu utotoni nikitafuta panzi.

Nikamuuliza kama kazi yake inalipa. Hakunidanganya. “Miaka munane niko assistant. Mushahara inakuja sawa mvua ya mwezi wa saba.” Mwezi wa saba hapa hakunyeshi kamwe. Akacheka, akapanda baiskeli, soli ya kiatu chake ikapiga makofi kila alipokanyaga pedali.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Nimemwambia Mama kwamba nataka kusomea kilimo. Jikoni, taratibu, huku nikimenya viazi ili mikono iwe na kazi.

“Agronomie?” Akaweka mwiko chini. “Jembe iko nyuma ya mulango, Berthe. Haina lazima ya diploma juu ya kuishika.”

Nikamweleza juu ya jani. Alisikiliza vizuri, tena akauliza maswali mawili ya maana. Halafu akasema jani ni zuri sana, na je, jani litanunua unga? Nikamenya kiazi kingine. Hana ubaya. Amelea watoto watano kwa mshahara wa matangi yale.

Ila alisema neno jingine, akiwa amenipa mgongo: “Weye mwenyewe njo utamwambia papa yako. Minye siwezi. Juzi aliimba. Kuimba! Tangu tuoane sikumusikia.”

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Sikumwambia. Alikuwa amechoka.

Mimi mwoga.

Jumanne, tarehe 16 Septemba

Nimemwambia.

Naandika polepole maana nataka kukumbuka kila neno.

Ilikuwa jioni, jua bado lipo, yeye nje kwenye kigoda anasugua buti zake. Nikasema yote bila kupumua: kilima, ua, karatasi, Magloire, udongo utakaobaki. Nikasema kiwanda kilinishangaza na bado kinanishangaza, lakini jani halinitoki kichwani. Alisugua buti moja tu muda wote, ilikuwa imekwisha kung'aa.

Nilingoja hasira. Hasira ningeiweza.

Akasema: “Mama, juu ya nini ulinitia mule mu kiwanda?”

Kwa nini mimi? Nikadhani sikuelewa. Akainua macho, na hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama mama yake.

“Nilikuwa na diploma yangu. Pédagogie. Nilikuwa nataka kufundisha jiografia, ulikuwa unajua. Papa akafa, kampuni ikasema mutoto moya atatwaa nafasi yake. Ukanishika mukono sawa mutoto wa shule mupaka ku bureau. Minye muntu mukubwa, miaka kumi na tisa! Haukuniuliza. Juu ya nini haukuniuliza, Mama?”

Miaka kumi na minane ananiita jina hili na mimi nilifikiri ni mapenzi tu, ni mchezo, ni kinga yangu dhidi ya fimbo. Kumbe lina mtu ndani. Kumbe swali hili lilikuwa linangoja miaka thelathini mtu wa kuliitikia, na jina hilo ninalo mimi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema: “Unisamehe, mutoto wangu. Nilikuwa naogopa njaa.”

Mimi! Kumwita baba yangu mtoto wangu! Nilitaka ardhi inimeze.

Baba akaweka buti chini. Akaenda bombani, akanawa uso muda mrefu, maji yakalowanisha shati lote lile la vitobo. Aliporudi alikuwa baba yangu tena. Akasema nichague nitakacho. Ijumaa atanisindikiza, lakini karatasi hataiangalia.

Sijawahi kuogopa kumpenda mtu kama nilivyoogopa leo.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Sasa nipo huru, na ndiyo taabu. Alipokuwa akinilazimisha ilikuwa rahisi kujua ninachotaka. Pinki ile. Zambarau ile. Mshahara. Soli inayopiga makofi.

Shekina anasema nipige kura kwa kokwa za parachichi. Nimemfukuza.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Nimepanga bahasha mwenyewe: diploma, cheti cha kuzaliwa, picha nne, fomu. Mstari wa kitivo bado mtupu. Nimeiweka juu ya kabati, mahali pa karatasi zote za nyumba.

Ijumaa, tarehe 19 Septemba

Naandika hapahapa chuoni, kwenye benchi, daftari magotini.

Tulifika alfajiri na tayari foleni ilikuwa imezunguka jengo. Baba amevaa suti ya harusi yake. Alibeba bahasha kwapani njia nzima na hakukubali kunipa. Foleni iliposogea karibu na dirisha nikamwomba fomu. Akaitoa huku akitazama pembeni, kama alivyoahidi. Nikaandika nimeegemea ukuta. Chaguo la kwanza: Agronomie. La pili: Métallurgie. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Herufi zimepinda lakini zinasomeka. Niliona neno langu pale na nikaduwaa, kama ameliandika mtu mkubwa.

Baba akaipokea bila kusoma, akaitia ndani ya bahasha, akaipitisha dirishani.

Katibu ni mama mwenye miwani. Alitoa karatasi moja moja na kuzipanga. Akasimama. Akatoa nyingine, ya zamani, imekuwa rangi ya chai, mikunjo imetobolewa na miaka.

“Mathieu ni nani?” akauliza, akisoma jina la Baba. “Kuko diploma mbili humu. Ni nani anajiandikisha, mutoto ao papa?”

Foleni nzima ikacheka. Nikacheka na mimi. Nikafikiri ni kosa — karatasi zetu zote hulala pamoja juu ya kabati, zimeshikana. Halafu nikakumbuka kwamba bahasha niliipanga mimi mwenyewe, na diploma hiyo haikuwamo. Na katibu akavuta picha kutoka ndani: zangu nne, na nyingine nne. Za Baba. Mpya. Amevaa suti hiyohiyo.

Nikamtazama. Hakuwa akicheka. Jasho limemtoka juu ya mdomo.

Ikawa saa ya mapumziko, mama wa miwani akafunga dirisha na kutuambia tungoje. Nusu saa sasa. Baba amekaa kando yangu, mikono magotini, wima, kama mwanafunzi. Sijamuuliza.

Dirisha linafunguliwa. “Ba diploma mbili,” anaita, “mukuje!”

Baba amesimama kabla yangu.