Dimbwi la Mbegu

Mjukuu wangu, mume wangu Idi,

Sie huku Temeke wazima. Mama yako kapona mguu, na mbuzi kazaa pacha. Ila barua yako ya huko kazini imenipandisha mori. Eti, "Bibi, tukiunyoosha mto wa huku kuna ubaya gani?"

Wakati wa Mwingereza kijito chetu kilipindapinda na kuacha madimbwi huku na huku. Penye matope walikaa kambare, penye majani perege, penye mchanga na maji ya mbio vidagaa. Wanawake tulivua kwa kutanda kanga, lakini dimbwi la juu mama yangu alilikataza. "Hilo la mbegu," alisema. Masika lilifurika, samaki wakashuka kujaza madimbwi yaliyokauka kiangazi.

Akaja bwana afya na vibarua wake kufukuza mbu. Akalifukia dimbwi la juu, akakinyoosha kijito kikawa mtaro. Mama alipopiga kelele, yule bwana akacheka: "Mama, maji si yatapita vilevile?"

Yakapita kweli! Masika yale tukatanda kanga zetu, tukainua matope matupu. Na mbu wakatuuma kama zamani.

Hakuuliza, Idi! Angeuliza tu samaki wetu wanatoka wapi!

Basi kabla hujapigilia hata kigingi kimoja, kawaulize wanawake wa huko dimbwi lao la mbegu ni lipi. Usipowauliza, mto wako utanyooka vizuri na maji yatapita, mume wangu. Maji tu.

Bibi yako, Temeke