Tangu Nifundishwe Kufunga Mkanda, Naogopa Kupanda

Mshauri wetu Bi Siti,

Baada ya salamu naomba unisaidie kwa jambo ambalo hata mke wangu Benedikta limemshinda, mimi ni fundi rangi, kwetu Masasi, nimepaka maghorofa mengi ya hapa Dar es Salaam huku naimba, sijawahi kuwaza kuanguka, hadi mwezi uliopita nilipopelekwa mafunzo ya usalama, mwalimu akatuvika mkanda wenye kamba akasema tujiachie tuning'inie ili tuuamini, nikajiachia, kamba ikanishika vizuri kabisa, lakini nilipotazama chini ndipo nilipojua ardhi iko mbali kiasi gani, na tangu siku hiyo nikipanda magoti yanatetemeka, tena mwenzangu Shaibu, ambaye hakupelekwa, anapanda bila mkanda akinicheka, "Vitalis, umekuwa mbuzi wa kufungwa kamba!" na juzi hapa Mchafukoge ubao tuliosimamia uligeuka tukiwa juu wote wawili, mimi nikaning'inia kama kanzu iliyoanikwa, yeye akadaka dirisha kwa vidole, tukashuka salama, na alasiri ile ile akapanda tena akipiga mluzi, mimi nikabaki chini nakoroga rangi. Imekuwaje aliyefundishwa aogope na asiyefundishwa asiogope? Mafunzo yameniharibu? Niache kazi?

Vitalis, Mchafukoge

Ndugu Vitalis,

Pole sana. Swali lako lilinikaa kichwani hata nikapita Mchafukoge kumwona huyo Shaibu. Nilimsubiri ashuke, nikamuuliza, "Huogopi, mwanangu?"

Akageuka kuangalia kama kuna anayesikia. "Bi Siti, tangu ubao ule silali. Lakini nikiomba mkanda leo, Vitalis si atanicheka?"

Ameniruhusu nikwambie.

Umeona? Mnaogopa wote, ila wewe una kamba. Mafunzo hayakukuharibu, yamekufumbua macho. Anza ghorofa za chini mpaka magoti yatulie, yatatulia. Lakini nakulaumu, tena sana. Umemwona mwenzako ameponea vidoleni, ukamwacha apande tena, wewe unakoroga rangi na kujihurumia! Angeanguka, ungemwambia nini mkewe?

Kazi usiache. Kesho, kabla hujagusa brashi, mvike Shaibu mkanda kwa mikono yako, bila kejeli. Kama mkanda ni mmoja, apande mmoja. Kisha mwendeeni msimamizi pamoja, alete mkanda mwingine na ampeleke Shaibu mafunzoni. Akikataa, nendeni kwenye kamati ya wafanyakazi. Shaibu atakubali, anangoja tu wewe uanze kusema.